Peter Mkuu, mfalme ambaye hakuna aliyeweza kumkatalia

Katika makumbusho ya Kremlin, mjini Moscow, kuna kiti cha enzi cha ajabu. Kimetengenezwa kwa fedha, na kina nafasi ya kukaa watu wawili, si mmoja. Kwenye mgongo wa kiti kuna tundu, na zamani tundu hilo lilifunikwa kwa pazia. Waliokikalia walikuwa watoto: Ivan wa miaka 15 na mdogo wake Peter wa miaka 10. Wageni walipoingia na kuinama mbele ya wafalme hao wawili, mtu mzima aliweza kukaa nyuma ya pazia akiwanong'oneza la kujibu.

Katika toleo hili tunasimulia maisha ya yule mdogo. Dunia inamjua kwa jina la Peter Mkuu, na alipofariki mwaka 1725 hapakuwa tena na mtu yeyote nchini Urusi mwenye haki ya kumnong'oneza mfalme la kufanya. Wazazi, tunawaomba msome wenyewe kwanza kabla ya kuwapa watoto wadogo. Yamo mambo mazito.

Peter alizaliwa Moscow mwaka 1672. Baba yake, Aleksei Mikhailovich, alikuwa tsar, neno linalotokana na Kaisari, yule yule tunayemsikia katika historia ya Rumi. Babu yake Mikhail alikuwa wa kwanza wa ukoo wa Romanov kutawala, na hakuipata enzi kwa upanga. Mwaka 1613, baada ya miaka mingi ya njaa na vita, baraza kubwa la nchi lilikutana na kumchagua, naye ana miaka 16 tu. Kwa hiyo ukoo huu ulianza kwa kuchaguliwa na watu. Jambo hilo tulikumbuke, kwa sababu wenyewe walilisahau upesi. Baraza likaitwa mara chache, kisha mara chache zaidi, na katika utawala wa Peter lilikuwa limekwisha kufa.

Baba alioa mara mbili. Mke wa kwanza, wa ukoo wa Miloslavsky, alizaa watoto wengi kabla ya kufariki. Miongoni mwao walikuwa binti hodari aitwaye Sofia, na Ivan, aliyekuwa mgonjwa na haoni vizuri. Mke wa pili, Natalya Naryshkina, ndiye mama yake Peter. Baba alikufa Peter akiwa na miaka mitatu. Kaka yao mkubwa Fyodor akatawala miaka sita, naye akafa mwaka 1682 bila kuacha mtoto. Nani atawale? Upande wa Miloslavsky walimtaka Ivan, upande wa Naryshkin walimtaka Peter. Wale wenye watu wa mitala katika ukoo wataelewa haraka kuliko wengine jinsi nyumba ilivyogawanyika.

Peter alitangazwa kwanza. Lakini Moscow ilikuwa na kikosi cha askari walinzi walioitwa streltsy, wenye bunduki, mashoka na malalamiko mengi ya mishahara, na mwezi Mei uvumi ulienea kwao kwamba watu wa mama yake Peter wamemuua Ivan. Wakavamia Kremlin. Natalya akatoka nje juu ya ngazi akiwa amewashika mikono watoto wote wawili, ili askari waone kwamba Ivan yu hai. Waliona, na bado hawakuondoka. Mzee Artamon Matveev, aliyemlea Natalya, alirushwa kutoka juu ya ngazi akaangukia kwenye mikuki. Wajomba zake Peter wawili nao waliuawa katika siku hizo. Peter, aliyebakisha siku chache kutimiza miaka 10, alikuwa pale pale akitazama. Maisha yake yote uso wake ulikuwa ukimtetemeka ghafla, hasa akikasirika, na wengi waliomjua waliamini ni kwa sababu ya siku ile.

Suluhu iliyopatikana ilikuwa kile kiti cha watu wawili. Ivan na Peter wakawa wafalme pamoja, na Sofia akatawala kwa niaba yao.

Natalya na mwanawe waliishi zaidi nje ya jiji, kijijini Preobrazhenskoye. Huko hakuna aliyemjali sana mtoto huyu, na huenda ndiyo iliyokuwa bahati yake. Alicheza vita kama watoto wengine wanavyocheza, ila yeye alikuwa mfalme, hivyo akiagiza baruti ghalani, baruti inaletwa. Akikusanya watoto wa watunza farasi kuwa askari wake, wanakuwa askari. Kadiri miaka ilivyopita mchezo uliota meno: wale wenzake wakawa vikosi viwili vya kweli, Preobrazhensky na Semyonovsky, ambavyo baadaye vilikuwa vikosi bora vya jeshi la Urusi. Yeye mwenyewe alianza na cheo cha chini kabisa, akipiga ngoma, na akataka apandishwe cheo kwa zamu kama wengine.

Akiwa na miaka 16 aliikuta ghalani mashua kuukuu ya Kiingereza ambayo, aliambiwa, inaweza kwenda hata upepo ukiwa wa mbele. Mdachi mmoja aliyeitwa Karsten Brandt aliitengeneza na kumfundisha kuiendesha. Kwa msomaji aliyekulia Lamu, Pemba au Sur, hilo si jambo la kushangaza; jahazi kukata upepo tunaona tangu utotoni. Kwa kijana wa Moscow, mji ulio mamia ya kilomita kutoka baharini, lilikuwa kama muujiza, na mapenzi ya bahari hayakumtoka tena.

Mwaka 1689, usiku mmoja, aliamshwa na kuambiwa kwamba askari wa Sofia wanakuja kumuua. Akakimbia kwa farasi na nguo za kulalia mpaka kwenye nyumba ya watawa ya Utatu. Huko, kidogo kidogo, makabaila, maaskofu na askari walimfuata, hadi Sofia akabaki peke yake. Alifungiwa katika nyumba ya watawa ya Novodevichy. Ivan aliendelea kuitwa mfalme hadi alipofariki mwaka 1696, lakini hakuwahi kumsumbua mdogo wake. Peter naye hakumdhuru kamwe.

Mwaka 1697 alifanya jambo ambalo hakuna tsar aliyewahi kulifanya: alisafiri Ulaya Magharibi, katika msafara wa watu zaidi ya 250, akijificha kwa jina la Pyotr Mikhailov. Kujificha kwenyewe kulikuwa kwa mzaha, maana alikuwa na urefu wa takriban mita mbili, na kila mtu alijua yule mrefu ni nani. Uholanzi alifanya kazi miezi kadhaa kama fundi wa kuunda meli, akishika shoka kwa mikono yake, katika karakana ya Amsterdam ya ile kampuni ya Kidachi iliyofanya biashara na nchi za Mashariki. Kisha akaenda Uingereza. Familia zetu za London zinaweza kwenda kumwona: sanamu yake imesimama Deptford, kando ya mto Thames, kwa sababu hapo ndipo alipokaa mwanzoni mwa mwaka 1698 ili kujifunza ufundi wa meli. Alipewa nyumba ya bwana John Evelyn, aliyekuwa na bustani maarufu. Peter na wenzake waliharibu sakafu, vitanda, picha za ukutani na majani ya bustani, na serikali ya Uingereza ikalipa fidia ya zaidi ya pauni 300, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Inasimuliwa kwamba mchezo wao mmoja ulikuwa kumkalisha mfalme ndani ya toroli na kumsukuma kwa kasi hadi apasue ua wa miti.

Alijifunza karibu kila ufundi uliomvutia, mpaka kung'oa meno. Watumishi wake walijifunza kuficha maumivu ya jino, kwani tsar alitembea na koleo lake mfukoni. Meno aliyoyang'oa aliyahifadhi, na bado yapo katika makumbusho aliyoyaanzisha mjini St. Petersburg.

Tukiishia hapa tungekuwa na hadithi ya mfalme mchapakazi na mcheshi, na vitabu vingi vya watoto vinaishia hapa.

Akiwa bado safarini, streltsy waliasi tena. Walishindwa haraka kabla hajafika, na wakubwa wao wakawa wamekwisha kuadhibiwa, lakini Peter hakuridhika. Aliporudi Moscow aliwafungulia kesi upya, kwa mateso makali, na zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Baadhi walitundikwa mbele ya dirisha la Sofia, wakaachwa hapo miezi. Yule mtoto wa kwenye ngazi alikuwa sasa na miaka 26, na hapakuwa na mtu wa kumshika mkono. Patriaki, mkuu wa Kanisa la Urusi, alimwendea na picha takatifu kuwaombea msamaha wale askari, kama desturi ilivyomruhusu. Peter alimfukuza.

Miaka miwili baadaye patriaki huyo alifariki, na Peter hakuruhusu achaguliwe mwingine. Kiti kikabaki wazi miaka 21. Mwaka 1721 akaunda baraza la maaskofu, Sinodi, na mwaka uliofuata akaliwekea msimamizi wa serikali. Urusi haikuwa na patriaki tena hadi mwaka 1917. Makabaila wakubwa nao walikuwa na baraza lao la kumshauri tsar; hakulifuta kwa amri, aliacha tu kulijaza, wazee wakafa mmoja mmoja. Mahali pake aliweka Seneti mwaka 1711, ambayo wajumbe wake aliwateua mwenyewe na kuwakemea mwenyewe.

Watu humkumbuka zaidi kwa ndevu. Siku alipowapokea makabaila baada ya safari alishika mkasi na kuzikata ndevu zao pale pale. Baadaye aliyetaka kubaki na ndevu alilazimika kulipa kodi na kupewa sarafu ya shaba yenye picha ya pua, sharubu na ndevu kama risiti. Watoto hucheka wakisikia hili. Lakini Warusi wengi waliamini kwamba ndevu ni sehemu ya umbo ambalo Mungu amempa mwanamume, na kuzinyoa ni dhambi. Sisi wenye ami na babu wanaoziheshimu ndevu zao hatuhitaji kuelezwa sana. Wapo waliozihifadhi ndevu zilizokatwa ili wazikwe nazo.

Alibadilisha mavazi, akabadilisha hata mwaka. Warusi walikuwa wakihesabu miaka tangu kuumbwa kwa dunia, na walikuwa katika mwaka wa 7208 alipoamuru kwamba tarehe 1 Januari uanze mwaka 1700.

Mwaka huo huo alianza vita na Uswidi ili apate mlango wa kwenda baharini. Alishindwa vibaya Narva. Akaamuru kengele za makanisa ziyeyushwe kuwa mizinga. Mwaka 1703, kwenye kinamasi mdomoni mwa mto Neva, katika ardhi ambayo bado ilikuwa ikigombaniwa, alianza kujenga mji mpya na kuupa jina la mtakatifu wake Petro. Wakulima waliletwa kwa maelfu kila mwaka kutoka sehemu za mbali, wakachimba kwa zana duni, wengine wakibeba udongo kwa nguo zao. Walikufa kwa homa, njaa na baridi, maelfu yao. Ulipopungua ufundi wa mawe, alipiga marufuku mwaka 1714 kujenga nyumba za mawe popote pengine nchini, na kila mashua iliyoingia mjini ilitakiwa kuja na mawe. Mji ule ni mzuri sana, na nani aliulizwa kama anataka kuujenga? Makabaila wenyewe waliamriwa wahamie, wajenge nyumba kwa ramani waliyopewa.

Mwaka 1709, huko Poltava, aliwavunja Waswidi. Vita viliendelea hadi 1721, na amani ilipotiwa saini Seneti ilimpa Peter majina mapya: Mkuu, na imperator, cheo cha Kilatini cha watawala wa Rumi.

Gharama ya yote haya ilibebwa na wakulima. Tangu sheria ya mwaka 1649, iliyotungwa na baba yake Peter, mkulima wa bwana hakuruhusiwa kuondoka kwenye ardhi ya bwana wake, na watoto wake vivyo hivyo. Peter aliikaza kamba hiyo. Kuanzia 1705 kila kaya 20 zilitoa kijana mmoja kwenda jeshini, na utumishi ulikuwa wa maisha yote, kiasi kwamba familia ziliwaaga kwa vilio kama vya msiba. Kisha ikaja kodi ya kichwa. Wanaume wote wa tabaka la chini walihesabiwa, mzee na mtoto mchanga sawasawa, kila kichwa kopeki 74 kwa mwaka. Ambao babu zao walilipa kodi ya kichwa Kenya au Tanganyika wakati wa ukoloni wanalijua neno hilo na uchungu wake. Mkulima akawa hawezi hata kwenda kutafuta kibarua mbali bila cheti cha ruhusa.

Kwa upande mwingine, alimpandisha yeyote aliyemfaa. Aleksandr Menshikov, aliyetoka chini kabisa, alifanywa mwana wa mfalme kwa cheo, akaiba mali ya umma bila aibu, akapigwa fimbo na Peter, akasamehewa, akaiba tena. Jedwali la Vyeo la mwaka 1722 lilipanga utumishi wote katika ngazi 14, na mtu angeweza kupanda kwa kazi yake, si kwa ukoo wake tu. Hata mke wa pili wa Peter, Catherine, alikuwa msichana mtumishi kutoka familia ya wakulima.

Mwingine aliyepandishwa ni Mwafrika. Mtoto mdogo aliyetekwa na kufikishwa katika mji wa Sultani, Istanbul, alipelekwa Urusi mnamo mwaka 1704. Peter alisimama kama baba yake wa ubatizo huko Vilnius mwaka 1705, akampa jina lake, na kijana akawa Abram Petrovich, baadaye Gannibal. Alimpeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi, naye akarudi mwaka 1723. Lakini kilichotolewa na mtu mmoja hakina ulinzi mwingine. Peter alipokufa, Menshikov alimtupa Abram hadi Siberia. Alirudi, na chini ya binti yake Peter, Elizabeth, akawa jenerali. Mshairi Pushkin ni kitukuu chake.

Yaliyobaki ni magumu kuyasimulia. Kwa mke wa kwanza, Eudoxia, ambaye alimlazimisha kuwa mtawa mwaka 1698, Peter alikuwa na mwana aliyeitwa Aleksei. Mtoto huyo alipenda vitabu na kanisa, hakupenda mizinga, na alimwogopa baba yake kupita kiasi. Alipoambiwa atachora ramani mbele ya baba kama mtihani, alijaribu kujipiga risasi mkono wa kulia ili asiweze. Mwaka 1716 alikimbilia Vienna, kwa mfalme wa Austria, aliyemficha hadi katika ngome ya Napoli. Watu wa Peter walimfuata na ahadi ya msamaha, na Aleksei akarudi.

Msamaha ulidumu kwa siku chache. Alitakiwa awataje wote waliomsaidia, na walipotajwa wakauawa. Hakuna aliyeonyesha kwamba alikuwa na jeshi au njama ya kweli. Kosa lake kubwa lilikuwa kutamani baba yake afe ili arudi Moscow akaishi kwa utulivu. Watu 127 waliweka saini zao kwenye hukumu ya kifo. Hakuna hata mmoja wa wakubwa hao aliyethubutu kukataa, na tukiwa waadilifu tujiulize sisi tungefanya nini. Kabla hukumu haijatekelezwa hadharani, mwezi Juni 1718, Aleksei alifia gerezani baada ya kuchapwa mijeledi. Alikuwa na miaka 28. Kesho yake ilikuwa kumbukumbu ya ushindi wa Poltava, na Peter aliisherehekea kama kawaida.

Mwaka uliofuata, mwana mdogo aliyezaa na Catherine, ambaye alitarajiwa kurithi, alikufa akiwa na miaka mitatu. Mwaka 1722 Peter akatoa sheria mpya: enzi haiendi tena kwa mtoto wa kwanza, bali mfalme atamchagua amtakaye. Hapo hata desturi ya urithi, iliyokuwa kitu cha mwisho kilichosimama nje ya uwezo wa tsar, ikawa mikononi mwake.

Hakumchagua mtu. Mapema mwaka 1725 ugonjwa wa njia ya mkojo uliomtesa muda mrefu ulimzidi, akafa kwa maumivu makali akiwa na miaka 52, bila kuacha jina. Wakubwa walipokuwa bado wanajadiliana, vikosi vya walinzi, wale wale wa mchezo wa Preobrazhenskoye, vilizunguka jumba la kifalme na kumtaka Catherine. Mjadala ukaisha. Catherine alitawala miaka miwili, na baada yake akaja mtoto wa miaka 11, Peter wa Pili. Huyo alikuwa mwana wa Aleksei. Aliirudisha mahakama ya kifalme Moscow, kama baba yake alivyotamani, akafa kwa ndui mwaka 1730.

Ndipo wazee wachache wa baraza walipomwendea Anna, binti wa Ivan, yule aliyekaa upande wa pili wa kile kiti cha fedha. Walimpa enzi kwa masharti yaliyoandikwa: asianzishe vita, asitoze kodi mpya, asiolewe wala kumteua mrithi bila idhini yao. Anna akatia saini na kuja Moscow. Huko akakuta walinzi, na makabaila wengi waliohofia kutawaliwa na koo chache kuliko walivyohofia kutawaliwa na mtu mmoja, na wakamwomba atawale kama mababu zake walivyotawala. Akaagiza karatasi iletwe, akaichana mbele yao.